Bunduki ya Pampu

Mjukuu wangu anafanya kazi katika ofisi ya mawakili. Siku moja alikuja nyumbani akanieleza kesi wanayoisoma. Watu wawili wa ng'ambo, kila mmoja na kampuni yake, wanagombania bunduki ya upepo, zile za mchezo zinazorusha vidonge vya rangi. Mmoja anasema, nimeiunda mimi na nina hati ya serikali. Mwingine anasema, hati yako ni bure, kwa sababu kitu hicho kilikuwa wazi, fundi yeyote angekiona. Mjukuu akaniuliza kama naelewa. Nikamwambia akae chini. Kesi kama hiyo niliisimamia mimi nikiwa msichana wa miaka kumi na miwili.

Ilikuwa wakati wa Imajensi, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikipigana na Mau Mau. Tulikuwa tumetolewa kwenye maboma yetu tukasukumwa pamoja katika kijiji kimoja chini ya Runyenjes, upande ule ambapo ardhi inaanza kuwa na joto ukielekea Ishiara. Nyumba zilipangwa kwa mistari kama mahindi. Kijiji kilizungushwa handaki, na handaki hilo halikuisha. Wanawake walichimba kila siku, na wakimaliza upande huu, ule mwingine umeporomoka. Baba yangu alikuwa kizuizini, hatukujua wapi. Mama alikuwa na mimba ya miezi saba, naye alikuwa anachimba.

Naiweka hiyo mbele kwa sababu ndiyo habari yenyewe. Nilitaka mama atoke handakini. Alikuwa ameshaanguka mara moja, wakamtoa kwa kamba kama ndoo, na kesho yake akarudishwa. Mwenye kusema nani achimbe na nani asichimbe alikuwa hedimani, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali. Hakuwa mtu mbaya sana. Alikuwa mtu wa kuogopa wakubwa wake, na mtu wa namna hiyo anaweza kukuumiza kuliko mbaya.

Mwaka huo mawele yalizaa vizuri. Sisi wasichana ndio tulioachiliwa kwenda kufukuza ndege, lakini lango lilifunguliwa jua likiwa limeshapanda, na ndege hawangoji lango. Zamani tulipanda kwenye dungu, lile jukwaa la miti katikati ya shamba, kabla hakujapambazuka, tukatupa madongo kwa kombeo. Sasa tulifika ndege wamekula nusu saa. Tena tulikuwa wachache na mashamba mengi. Ukiwarushia hapa wanatua pale. Kombeo hurusha dongo moja, na ndege ni elfu. Nilikuwa narudi mkono umevimba na masuke yamebaki mifupa.

Kila mtoto wa kwetu alijua bunduki ya mwanzi. Unachukua mwanzi mwembamba ulio wazi pande zote, unaziba mdomo kwa tunda bichi la porini, unaingiza tunda la pili kwa nyuma na kulisukuma kwa kijiti. Upepo ulio katikati unabanwa, halafu tunda la mbele linaruka, pa. Linauma kidogo. Tulilengana miguu.

Na kila mtu kijijini alijua pampu ya baiskeli, kwa sababu karibu na lango alikaa fundi. Huyu alikuwa mtu wa maneno. Alikuwa amefanya kazi Meru, na hakuna siku iliyopita asiseme hivyo. "Mimi nimetengeneza baiskeli za wachinjaji wa Gakoromone," alikuwa akisema. "Baiskeli inayobeba ng'ombe mzima. Nyinyi mnajua nini?" Mimi nilimchotea maji ya lile karai ambalo alizamisha tyubu kutafuta pancha.

Siku moja alikuwa anajaza tyubu ya homgadi mmoja, wale askari wa serikali waliotulinda kijijini. Kiraka hakikuwa kimeshika. Akapampu, akapampu, akainama kuangalia, na kiraka kikaruka kikampiga chini ya jicho. Homgadi akacheka mpaka akaweka bunduki chini. Fundi akalaani gundi. Yeye aliona kiraka kibaya. Mimi niliona tunda linatoka kwenye mwanzi, pale pale nimeshika ndoo.

Nikamwuliza, "Fundi, upepo wa pampu unaweza kurusha mawe?"

"Upepo hauna mkono, msichana. Lete maji."

"Nipe basi ile pampu yako ya zamani."

"Ya nini? Unajaza mbuzi?" Lakini akanipa. Ngozi ya ndani ilikuwa imekauka, nikailainisha kwa mafuta ya kondoo.

Nilikata mwanzi mnene kama kifundo cha mkono wangu. Nikaacha pingili moja nyuma, nikaitoboa kwa spoki iliyopashwa motoni, nikapitisha mpira wa pampu na kuziba kwa nta ya nyuki. Mwanzi wote nikauzungushia vipande vya tyubu kuukuu ili usipasuke. Hiyo ilikuwa kazi ya siku moja. Kazi ya siku tisa ilikuwa mdomo.

Nilijaza matambara, upepo ukatoka kwa sauti ambayo sitaiandika. Nilijaza udongo, ukatoka vumbi. Nilichonga mti, ukakwama, mwanzi ukapasuka. Mianzi minne ilipasuka. Mama aliniona ninakaa juani na pampu katikati ya magoti, akasema, "Wewe mtoto, kama una nguvu za bure, nenda ukatafute kuni." Nilienda kutafuta kuni nikiwa nafikiria mdomo. Kisha nikachukua gunzi la mahindi, nikalikata kipande, nikaliloweka. Gunzi kavu linavuja. Gunzi lililolowa linavimba, linashika, lakini ndani lina ulaini. Nikalisukuma kwa kidole gumba, nikaweka changarawe mbele yake, nikaenda shambani.

Nilipiga pampu tisa. Ya kumi sikuimaliza. Mlio ulitoka kama mlango wa bati umepigwa na dhoruba, changarawe ikamwagika juu ya mawele kama mvua ya mawe, na ndege wakainuka wote kwa pamoja, shamba letu na la jirani na la jirani yake, kama mtu amenyanyua shuka. Nilipiga yowe. Nilicheza peke yangu juu ya dungu mpaka miti ikalia.

Sikuwa nimefikiria jambo moja, kwamba mlio huo ulikuwa mlio wa bunduki. Wakati ule mtu alinyongwa kwa kukutwa na risasi. Nilipogeuka, homgadi wawili walikuwa wamelala kifudifudi kwenye mawele, na mmoja ananiambia nitupe silaha.

"Ni pampu," nikasema.

"Itupe."

"Nikiitupa nta itapasuka."

Walinipeleka mpaka kando ya handaki, mbele ya wanawake wote, hedimani akaitwa. Uso wake ulikuwa wa majivu. Aliigeuza ile bunduki yangu, akanusa mdomo wake kutafuta baruti, akasikia harufu ya mahindi. Akaagiza fundi aletwe.

"Pampu hii ni ya nani?"

Fundi alitazama bunduki za homgadi. "Mzee, pampu zinafanana."

"Si yako?"

"Sijui kama ni yangu. Sijui hata kama ni pampu."

Hedimani akaniambia nifanye tena vile nilivyofanya. Niliwapa watu mgongo, nikajaza gunzi na changarawe, nikapampu. Ilipolia, homgadi mmoja alilala tena chini. Wanawake wakacheka handakini, na hedimani, ambaye sikuwahi kuona meno yake, akacheka pia. Akainyakua. Nikamwonyesha yeye peke yake gunzi linaingia mpaka wapi. Akapiga mara moja, akavua koti, akapiga mara tano tena. Kule bondeni hakukuwa na ndege hata mmoja.

Lazima mjue kwamba bwana mkubwa wa wilaya alikuwa amemgombeza kuhusu njaa ya kijiji chake. Kwa hivyo alisimama juu ya lundo la udongo akasema kwa sauti: aliyeunda kitu hiki, yeye na nyumba yake watakaa shambani tangu alfajiri mpaka mavuno kulinda mawele ya mteremko wote. Hawatagusa jembe la handaki. Na kitu hiki kisiitwe bunduki tena, kiitwe kifukuza-ndege.

Niliangalia handakini. Nilichoona cha mama ni kitambaa chake cha kichwa tu. Nilifungua mdomo, na kabla sijatoa neno, fundi akasema, "Ni changu."

Halafu sauti ya mwanamke ikatoka chini ya shimo. "Sasa hivi pampu zilikuwa zinafanana. Zimeachana saa ngapi?"

Huyo alikuwa mke wake mwenyewe. Alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye mabega, na alichimba kuliko wanaume.

"Nyamaza, mama. Nakutoa shimoni."

"Nitoe kwa kazi yako, usinitoe kwa kazi ya mtoto."

Fundi hakuwa mjinga. Alipoona huko kumefungwa, akageuza maneno. "Haya, isiwe yangu," akamwambia hedimani. "Lakini si yake pia. Mwanzi kurusha tunda, hilo mtoto wa miaka mitano anajua. Pampu kusukuma upepo, hilo hata mbuzi wanajua. Ukiweka mwanzi kwa pampu umefanya nini? Umechanganya mahindi na maharagwe. Kuna mtu alitolewa handakini kwa kupika githeri? Kitu hicho kilikuwa wazi. Mwenye akili yeyote angekiona. Basi kama ni cha mtu yeyote, heri kiwe cha mwenye pampu."

Nilitaka kumpiga. Lakini nilisikia wanawake wengine wakinong'ona kwamba ni kweli, hata watoto wao wana bunduki za mwanzi. Hivyo ndivyo ilivyo. Kitu kikishaonekana, kila mtu anadhani alikuwa amekiona. Hedimani akajikuna kidevu, akasema ataita mzee asikilize kesho saa sita. Mama alirudi kuchimba mpaka jioni.

Mzee aliyeitwa alikuwa mtu wa mizinga ya nyuki, karibu peke yake katika wazee wa rika lake aliyebaki kijijini. Mizinga yake ilikuwa huko nje kwenye miti ambako hakuruhusiwa kwenda, na jambo hilo lilimfanya awe na hasira na kila mtu kwa usawa. Kesho yake alikaa kwenye kigoda uwanjani, wanawake wakiwa wamekaa na viazi vyao vya mchana. Bunduki yangu ilikuwa mbele yake imefunikwa blanketi. Fundi alikuwa ameiona ikilia kwa mbali, lakini hakuwa ameona ndani yake.

Mzee alimsikiliza fundi mpaka mwisho, na githeri yake yote. Kisha akasema, "Mti si wa mtu. Nyuki si wa mtu. Lakini mzinga wangu nikiutundika, una alama ya ukoo wangu, na ukiugusa utalipa mbuzi. Sijawahi kusikia mwizi akisema, mzee, mti ulikuwa wazi na nyuki walikuwa wazi, kwa hivyo asali ni yangu."

Nikafurahi. Akanigeukia. "Wewe usicheke. Kuna asali nyingine mtu anaiokota tu kwenye shimo la mwamba. Hiyo haina alama, ni ya mpita njia. Nataka kujua kama wewe ulitundika au uliokota."

"Nilitundika, guka," nikamjibu, maana ndivyo tunavyomwita babu.

"Hata aliyeokota husema hivyo." Akamtazama fundi. "Unasema mwenye akili yeyote angeiona. Wewe una akili?"

"Ninayo, mzee. Gakoromone nzima inajua."

"Basi kaa hapa uione. Pampu ni hii, mwanzi ni ule, chukua chochote unachotaka. Kivuli cha ule mlingoti kikifika kwenye lile jiwe, utatupigia."

Hapo nikaona tumekwisha. Mimi nilikuwa na siku tisa na mianzi minne iliyopasuka, lakini yeye alikuwa na mikono, na vifaa vyake vyote, mpaka lile karai, vililetwa. Alitoboa pingili kwa keekee, tundu safi ambalo langu halikufika hata karibu. Mpira wa pampu akauingiza na kuuziba kwa gundi ya viraka, si nta. Akaukwaruza mwanzi kwa msasa, akaufunga tyubu kwa mfungo wa fundi kweli, kila mzunguko umelala juu ya mwenzake. Alifanya akiimba. Wanawake walisogea, viazi mkononi. Mama alikuwa ameketi nyuma yangu na alinishika kifundo cha mkono. Sikujua kama ananizuia nisimrukie fundi au anajishikilia yeye.

Kisha akafika kwenye mdomo. Aliutazama kidogo. Karibu na mguu wake kulikuwa na gunzi, watu walikuwa wanakula mahindi ya kuchoma, nalo limelala pale kama limetumwa. Mkono wake ukashuka. Ukapita gunzi. Ukachukua kipande cha mpira mzito wa tairi.

Akakikata duara. Akakipaka gundi, akapuliza, akangoja ikauke kidogo kama inavyotakiwa, akakisukuma ndani, akakaza. Akaweka changarawe. Akasimama.

"Tayari?" mzee akauliza.

"Tayari kabla ya kivuli."

Akapampu. Kumi. Watu wakaziba masikio. Kumi na tano. Ishirini. Homgadi yule alikuwa tayari ameinama. Fundi akasimama, akaweka sikio kwenye mwanzi, uso wake ukang'aa. "Haitoi upepo," akasema. "Sikilizeni. Haitoi hata kidogo."

"Tumesikia," mke wake akasema. "Endelea."

Thelathini. Sasa alikuwa anaegemea pampu kwa kifua, jasho linadondoka. Thelathini na saba, mwanzi ukapasuka toka nyuma mpaka mbele. Fundi akaruka kinyumenyume akakalia karai lake la maji. Changarawe ilibaki pale pale kwenye mdomo, imekaa kwenye mpira wake kama mayai kwenye kiota.

Watu wakaangua kicheko. Mzee peke yake hakucheka. Aliokota ule mdomo, akauvuta mpira kwa vidole, ukakataa kutoka.

"Umeziba vizuri sana," akasema.

"Asante, mzee," fundi akasema, akiwa bado kwenye karai.

"Ndiyo kosa lake. Wewe msichana, njoo. Chako umezibia nini?"

"Gunzi lililoloweshwa, guka."

"Kwa nini si mpira? Si mpira ndio mzuri zaidi?"

"Mpira hauchoki," nikasema. "Gunzi hushika, halafu huchoka. Lazima lichoke. Lisipochoka hakuna kitu."

Mzee akamgeukia fundi. "Uliwahi kufikiria hilo?"

Nampa fundi heshima yake kwa jibu alilotoa, maana angeweza kudanganya. Alikaa kwenye maji yale akafikiri. "Mzee," akasema, "tangu nianze kazi, kila siku nazuia upepo usitoke. Kiraka kikiruka, mimi naona aibu. Ningefikiriaje kuuacha utoke? Hata juzijuzi kilinipiga usoni, huyu msichana amesimama hapo hapo."

"Kilikupiga usoni na hukukiona."

"Sikukiona."

"Basi hakikuwa wazi," mzee akasema, akatoa blanketi.

Aliamua hivi. Msimu huo kifukuza-ndege kilikuwa changu, na mwingine asitengeneze bila mimi kukubali. Lakini ilinipasa nikifungue hapo hapo, niwaonyeshe watu wote tundu, nta, na gunzi linaloingia mpaka wapi, nisifiche. Na mavuno yakipita, yeyote atengeneze chake.

Mimi sikupenda hilo la mwisho. "Guka, kwa nini kisiwe changu siku zote?"

"Siku zote utakula nini, magunzi? Mpaka mavuno mama yako atakuwa amejifungua. Au huhesabu?"

Nilihesabu kwa vidole, nyuma ya mgongo. Ilitosha, na wiki mbili juu.

Hedimani akainuka kutangaza kwamba mimi na mama tutatoka kesho. Nilikuwa nimesimama bado, na nikaona mama anavyojiinua, mkono mmoja kiunoni, mwingine chini. Nikasema, "Mzee hedimani, mama hawezi kupampu. Na mimi nikipampu, nani atajaza gunzi?"

"Nilisema nyumba yako. Nyumba yako ni hiyo."

"Nyumba yangu haina mabega," nikasema. "Nataka mke wa fundi."

Nilidhani nimeharibu yote. Ila hedimani alikuwa ameshapiga kile kitu mara sita kwa mkono wake mwenyewe, na alijua kinavyochosha. "Mchukue," akasema. "Lakini ndege wakila, nyote watatu mnarudi shimoni."

Kesho yake lango lilifunguliwa kwa ajili yetu tu, umande ungali chini. Mke wa fundi alibeba pampu begani kama jembe. Mama alipanda ngazi ya dungu polepole, kijiti kwa kijiti, sisi tukimsukuma kwa chini, mpaka akakaa juu, miguu inaning'inia. Udongo mwekundu wa handaki ulikuwa bado kwenye nyufa za visigino vyake. Tangu tuhamishiwe kile kijiji sikuwa nimemwona amekaa asubuhi mikono haina kitu. Aliitazama ile mikono kama ya mtu mwingine, kisha akaiweka juu ya tumbo.

Ndege walikuja jua lilipogusa mawele. Nilijaza gunzi, mke wa fundi akaegemea, mara saba tu, kwa nguvu alizokuwa nazo, na mlio ukapita juu ya mteremko mzima. Wakainuka. Mama aliruka kidogo pale juu, akakamata nguzo, nami nikaogopa kwamba nimemshtua vibaya. Akawa anacheka, machozi yanamtoka.

"Wale wengine wanatua upande wa mtoni," akasema. "Jaza, mtoto. Jaza haraka."